Akina Lacey Wawili wa Kerrimoor

"Barry, nisikilize. Bwana Lacey walikuwa wawili. Wa-wi-li."

Barry Uren, mwenyekiti wa Chama cha Historia cha Kerrimoor, mji wa zamani wa machimbo ya dhahabu, alimega keki ya nazi akatafuna bila haraka. "Gazeti linasema Bwana Lacey, dada. Halisemi wa kwanza wala wa pili."

"Magazeti ya zama zile yalimwita kila mkubwa Bwana Fulani, basi! Majina kamili walipewa wachimbaji, wakipigwa faini. Ulitegemea nini?"

Ugomvi huu ulikuwa umeota mvi, nao ulikuwa umemchosha Glenys Pascoe mpaka mifupa. Ijumaa maandishi yalikuwa yanakwenda kuchongwa kwenye kibao cha shaba, kibandikwe nje ya mahakama hii ya zamani walimoketi. Yalisema kwamba mwaka 1853 Bwana Lacey, Kamishna wa Dhahabu, aliwafunga wachimbaji wasio na leseni kwa minyororo kwenye gogo, wakalala nje kwenye baridi kali, na Tobias Penhall akafa. Kisha mwaka 1857 Bwana Lacey huyohuyo akasimama peke yake mbele ya genge lililotaka kuchoma mahema ya wachimbaji Wachina, akalirudisha lilikotoka. Barry aliyapenda mno. Mtu mbaya aliyetubu! Watalii wangetokwa na machozi.

Glenys alitokwa na povu. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Lacey. Babu yake alizaliwa hapahapa mwaka 1864, na cheti kilimtaja baba wa mtoto kuwa Bwana Lacey, afisa wa zamani wa machimbo, basi. Tangu utotoni Glenys alijua ni Lacey yupi: yule wa mahema. Nani angemchagua mwingine? Na sasa damu ya Penhall inamwagwa mlangoni kwao kwa sababu ya wazee wavivu wa kupekua! Kila mwaka aliwaeleza kwamba makamishna waliondolewa 1855, wachimbaji walipoasi, wakaletwa wasimamizi. Kila mwaka Barry alijibu kwamba mtu huweza kubadilishiwa cheo. Kumweleza Barry ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ndiyo maana leo alikuja na shahidi. Desmond Ah Wing, fundi bomba mstaafu ambaye ukoo wake uko bondeni tangu siku za mahema, alikaa karibu na mlango, kofia magotini, akingoja wenzake wamalize kubishana.

"Des, mwambie."

"Msimamizi Lacey yuko kwetu," Desmond alisema. "Makaburini, upande wa Wachina. Ambrose Lacey. Jiwe linasema alishuka melini 1856. Mambo ya gogo hayamhusu."

Barry aliacha kutafuna. "Upande wa Wachina? Mbona sijawahi kuliona?"

"Umewahi kufika upande ule, rafiki yangu?"

Barry aliangalia keki yake. Glenys nusura apige makofi. Miaka yote hiyo, na jibu limesimama nyuma ya uzio! Yeye mwenyewe alilisikia juzi tu, kwenye foleni ya duka la dawa, na kwa furaha hakungoja kusikia mengine.

"Kila Aprili tukifagia makaburi ya wazee wetu, tunafagia na lake," Desmond aliendelea. "Tunamwekea chai na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Baba alifanya hivyo, na baba yake pia."

"Kwa shukrani," Glenys alisema, akimkazia macho Barry. "Umesikia?"

"Shukrani ipo. Ila zaidi ni kwamba hakuwa na mtu. Homa ilimchukua 1859, kijana, hajaoa. Asiye na mtoto atafagiliwa na nani? Wazee wakaona wamchukue wao."

Mwaka 1859. Babu alizaliwa 1864. Glenys alirudia hesabu, akapata jibu lilelile. Lacey walikuwa wawili, yeye ndiye aliyehubiri hivyo. Akitoka mmoja, anabaki yule wa gogo. Na kosa lilikuwa lilelile alilowatukania wenzake: alimkuta Bwana Lacey asiye na jina, akajichagulia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Pole, Glenys," Desmond alisema polepole. "Sikujua ulikuwa unamhesabu kwenu."

Barry naye alikuwa ameelewa, akawa mpole ghafla, na upole huo ndio uliomuudhi Glenys kuliko ubishi wote. "Sikiliza, dada. Tunaweza kuyaacha maandishi kama yalivyo. Lacey mmoja, alikosa, akatubu. Nani atajua?"

Kwa kitambo Glenys alilitaka jambo hilo, alilitaka kwelikweli. Halafu akamwona Desmond akigeuzageuza kofia yake.

"Una wazimu, Barry? Koo limenikauka humu ndani nikisema wawili, leo unakubali mmoja? Andika! Msimamizi Ambrose Lacey na mahema, peke yake. Kamishna na gogo, peke yake."

Barry alichukua kalamu. "Huyu Kamishna jina lake la kwanza hatulijui."

"Nitalitafuta mimi," Glenys alisema. "Ni baba wa babu yangu."