Kumbukumbu Imejaa

Fabian alipokuwa hai hakuwahi kufika nyumbani kwa wakati, na tusimsingizie, kazi yake ndiyo ilikuwa hivyo. Alikuwa dereva wa watalii. Akishashuka kreta, lile bonde la wanyama, na wageni wake, mtandao unakata, na ujumbe wa sauti aliomtumia mkewe unabaki humo humo kwenye simu mpaka apande tena juu. Bernadina, huku nyumbani Rhotia, alishazoea. Sauti ya mume inatangulia, mume anafuata, na katikati pana muda wa kuchemsha maji. "Mama Ritha, weka maji ya kuoga, nakaribia." Anakohoa kidogo, basi.

Ukungu wa kule ukingoni ulimchukua mwaka jana, masika. Gari lilipovutwa kutoka korongoni, simu iliyokuwa mfukoni mwake ikapata mtandao, ikatuma ujumbe wake wa mwisho. Bernadina akaweka maji. Waliobisha hodi walikuwa padri na katekista, wakakuta sufuria inatokota.

Tangu siku hiyo Fabian aliendelea kukaribia.

Simu ya Bernadina ilikuwa kuukuu na nzito. Kila asubuhi baada ya sala aliubonyeza ule ujumbe, na kioo kikaganda. Akaiacha kabatini, akaenda kukamua. Yuko chini ya ng'ombe, mikono imelowa maziwa, ndipo anasikia sauti ya mwanamume ndani ya nyumba: "Mama Ritha, weka maji ya kuoga." Kujua alijua, kwamba amebonyeza mwenyewe. Ila miguu haikuuliza, ilikwenda jikoni yenyewe. Na siku nyingine, nawaambieni ukweli, hakukumbuka kama amebonyeza. Komeo la mlango wa uani hakulifunga hata usiku mmoja.

Ritha, binti yake anayefanya kazi Arusha, alikuja likizo. Akiwa peke yake sebuleni, baba yake akamsemesha kutoka kabatini. Chai yote ikamwagika.

"Mama, hii simu inaondoka leo."

"Inaondoka inakwenda wapi?"

"Kwa fundi. Nywele zimenisimama, mama."

Fundi alikuwa Marseli, pale Karatu mjini, kijana msafi mwenye maneno mengi. Aliiwasha simu, na kioo kikaandika: Kumbukumbu imejaa. Futa baadhi ili kuendelea.

"Sifuti," Bernadina akasema. Kwake yeye kumbukumbu ni misa, jina la marehemu likisomwa altareni. Nani mwenye akili zake anafuta hiyo?

"Hatufuti, mama, tunahamisha," Marseli akasema. "Humu ndani kuna prosesa. Mchukulie kama mpishi. Huyu wako ni wa zamani, ana mikono miwili, na programu za siku hizi zimetengenezwa kwa wapishi wa mikono minane. RAM ndiyo meza yake, na meza yenyewe inatosha kikombe tu. Stoo nayo imejaa picha za magrupu. Wewe ukibonyeza, agizo lako halipotei, linakaa foleni. Mpishi akipata nafasi, anapakua."

"Kwa hiyo anayechelewa ni mpishi."

"Ni mpishi, mama. Hakuna mwingine." Akasema kwa upole ule unaoudhi.

Ritha alimnunulia mama yake simu mpya, yenye prosesa ya kisasa na RAM kubwa. Sauti zote zikahamishwa. Walipofika nyumbani, Bernadina akakaa kitandani, akabonyeza. Kidole hakijanyanyuka, Fabian tayari anaongea. Weka maji ya kuoga, nakaribia. Kikohozi. Akabonyeza tena, kikohozi kile kile. Akabonyeza tena. Mwanamume ambaye ndoa nzima hakuwahi kuitika mara ya kwanza, leo anaitika kama askari.

"Umeona?" Ritha akasema, amefurahi kweli. "Hakuna kilichopotea."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nimemwachia Marseli. Ameshaifuta, atatumia kioo chake."

Bernadina aliinuka kitandani. Aliiweka simu mpya kabatini, mahali pale pale, akaenda kukamua. Alikamua huku ametega sikio. Ng'ombe akatafuna, povu likatulia kwenye ndoo, na ndani ya nyumba hakusema mtu. Akangoja mpaka maziwa yakapoa. Ndipo akalaza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka, kwa sababu siku ile mume wake alikuwa bado yuko njiani.

Jioni aliweka maji bila kuambiwa na mtu. Yalipochemka akayapeleka bafuni, akaoga mwenyewe. Kisha akaenda mlango wa uani, akasukuma komeo. Lilikuwa limeshika kutu, likalia kwa nguvu, na Ritha akashtuka kule sebuleni.

"Mama, nani huyo?"

"Hakuna mtu," Bernadina akajibu.