Haki Iliyokufa Kabla ya Soko

Katika ofisi ya dalali Nanubhai, hapa Rajkot, kila mteja ana kiti chake. Changu kina mguu mbovu. Nilikipiga teke siku hisa za saruji ziliponipiga mimi. Cha jirani kilikuwa cha Dhiren.

Dhiren alikuwa na hakika soko litaanguka. Hisa za mabenki zimevimba, alisema, na kilichovimba hutumbuka. Akachukua akiba aliyoiweka na mkewe Kokila kwa ajili ya kukodi duka la vitafunio, akanunua haki ya kuuza hisa hizo kwa bei ya siku ile. Zikishuka, haki inapanda thamani. Zisiposhuka kabla ya Jumanne baada ya Diwali, haki inakufa na pesa inazikwa nayo.

"Umenunua barafu, Dhirenbhai," nikamtania. "Ukikaa nayo tu, inayeyuka."

"Na wewe ulinunua saruji, ikaganda na pesa zako."

Hapo alinipata.

Soko halikuanguka. Lilijikokota, leo chini kidogo, kesho juu kidogo, na haki ya Dhiren ikazidi kukonda hata siku ambazo bei hazikusogea. Tena aliinunua ghali, maana waoga walikuwa wengi siku zile, na mwavuli hupanda bei mawingu yakitanda.

Jioni ya Diwali soko hufunguliwa kwa muda mfupi, kwa ajili ya baraka. Tunavaa nguo mpya, tunamsujudia Lakshmi, mungu wetu wa mali, kisha kila mtu ananunua kidogo ili mwaka uanze kwa heri. Jioni ile zikaingia habari mbaya za mabenki ya ng'ambo. Hisa zikateleza. Haki ya Dhiren ikafufuka, ikapita hata bei aliyoinunulia.

"Uza," Nanubhai akamwambia. "Uza sasa hivi, mwanangu."

"Leo? Lakshmi anaingia mlangoni, mimi nitoe mali nje?"

"Lakshmi haangalii kompyuta."

"Mzee, baba yangu hakuwahi kuuza siku hii. Nitauza soko likifunguliwa tena."

Hakuna aliyembishia zaidi. Humo ndani hakuna aliyekuwa ameuza kitu.

Soko lilipofunguliwa tena, hofu ilikuwa imepita na hisa zikapanda. Jumanne haki ikafa. Dhiren aliagiza chai, ikapoa mbele yake. Nitamwambia Kokila kesho, alisema. Kila nilipomuuliza, bado ilikuwa kesho.

Wiki iliyofuata soko likaanguka kweli, mabenki yakiwa mbele. Watu wakampa Dhiren mkono.

"Ulisema, bwana. Una jicho wewe."

Akawa anaitikia kwa kichwa tu. Ndipo Kokila akaingia, kavaa sari yake ya Diwali, mkononi ana sanduku la penda, zile peremende zetu za maziwa.

"Nimesikia kwenye televisheni," akasema, akaniletea sanduku mimi kwanza. "Kula, shemeji, japo ulikuwa unamcheka. Mwenye duka nimempitia. Anasema tukachukue funguo leo hii."

Nikachukua penda moja, nikamtazama Dhiren.

Dhiren akasimama. "Kokila, haki yangu iliisha kabla ya leo. Soko nililiona sawa, ila niliwahi mno."

"Iliisha vipi? Si limeanguka?"

"Limeanguka, na mimi sina kitu mkononi."

"Hata kodi ya mwezi wa kwanza?"

"Hata hiyo."

Kokila alitazama sanduku. Kulikuwa na wateja wawili karibu na dirisha ambao hawajapata. Akawapelekea, mmoja akajaribu kukataa.

"Chukua, kaka," akamwambia. "Nimeshazinunua."