Matete Niliyoyafyeka

Mimi uchafu siuvumilii, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mama yangu ana kinamasi shambani kwake, na humo wanazaliana korongo. Kaka yangu kila siku ni wimbo uleule: kikaushwe, tupande vitunguu. Mama akamwomba asubiri msimu mmoja tu. Akaniita nimjazie fomu za ofisi ya wanyamapori, zile za kuwasaidia watu wenye wanyama kwenye ardhi yao wenyewe: waya wa kuzuia ng'ombe, na mtaalamu wa kutuelekeza. Tulizungushwa miezi saba. Hatimaye wakapiga simu: afisa anakuja Alhamisi kukagua.

Mgeni anakuja akute pori? Thubutu! Jumatano nikashika fyekeo, nikateremka. Nilifyeka matete tangu asubuhi mpaka mgongo ukakataa kabisa. Kikabaki kipande kidogo tu ng'ambo ya mfereji.

Afisa alipofika alisimama, kalamu mkononi, haandiki.

"Nani amefyeka hapa?"

"Mimi," Mama akadakia.

Mama, anayetembelea mkongojo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mwongo huyu," nikasema. "Ni mimi, afisa. Nilitaka ukute pasafi."

Afisa akacheka. "Dada, huo uchafu ndiyo nyumba yao."

Akavua viatu, akavuka mfereji hadi kwenye kile kipande nilichokiacha. Akainama. Akatupungia mkono tunyamaze. Ndani ya matete mlikuwa na kiota, na mayai mawili.

"Wamebaki," akasema aliporudi, matope magotini. "Na mizizi ipo, matete yatachipua. Nitaandika mpewe waya, na kila mwezi nitakuja mwenyewe kuwaelekeza. Ila huyu dada mfichieni fyekeo."

Nililia, wala sioni haya kusema. Kaka, aliyekuja kusikia tukinyimwa, alimbebea afisa mkoba hadi barabarani, na habari za vitunguu hakuzigusa tena.

Jioni Mama alinikanda mgongo kwa maji ya moto. Nikamuuliza kama amenikasirikia.

"Nikukasirikie?" Akabonyeza palepale panapouma. "Namshukuru Mungu kwa huu mgongo, mwanangu. Ungekuwa mzima, yale mayai tusingeyaona."