Karatasi Chini ya Vibano

Tarehe tisa Aprili, asubuhi ya manyunyu, binti wa fundi alikuta madoa meusi kwenye mlango wa mbao nyeupe, pale pale vibano vya chuma vilipobana gundi mbichi. Jana alitanguliza karatasi ili chuma kisiguse mbao yenye gundi mbichi na kuitia doa, lakini baba yake alizichomoa akicheka. "Unauvisha mlango nepi, mama?"

Mteja mwenye mlango alipoingia na kuyaona madoa, baba hakupepesa macho.

"Ni huyu mwanangu, mzee. Ana mkono mzito."

"Baba, zile karatasi..."

"Nyamaza. Ahidi mbele ya watu hawa kwamba hutashika randa tena."

Mafundi wa karakana, walioona yote jana, waliinamia kazi zao. Binti alimwomba Mungu sauti isiyotetemeka.

"Naahidi, baba. Sitashika randa tena."