Magurudumu ya Nyuma

Magurudumu ya mbele yalizunguka, yakarusha tope hadi kwenye vioo, na gari halikusogea hata unyayo. Ndinda hakushtuka. Alilegeza mguu kidogo, akaushikilia palepale alipozoea, akangoja magurudumu ya nyuma yaamke.

Nyuma yake, kwenye godoro walilotandika baada ya kulaza viti, Kanini alikuwa ameng'ata leso. Uchungu ulimshika alfajiri, na mkunga alipoona mtoto hashuki alisema neno moja tu: hospitali. Hospitali ilikuwa juu Kikima, na kutoka bondeni kwao hadi Kikima ni mlima mtupu, udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huteleza kama bamia.

"Mbona tumesimama?" aliuliza Kalunde, mama mkwe wa Kanini, aliyekuwa amekipakata kichwa cha mkaza mwana wake.

"Ngoja, mwaitu, mama yetu. Itashika sasa hivi."

Aliamini alichosema. Walipoinunua van ile yeye na mumewe Kitonga, fundi Nyamai aliinama naye chini ya gari akamwonyesha. "Siku zote inavutwa na mbele," alimwambia. "Lakini hii propela, hiki chuma kirefu, ndiyo inapeleka nguvu nyuma. Hapa mwisho kuna kikopo, ndani ni visahani na mafuta mazito. Mbele ikiteleza, inazunguka haraka kushinda nyuma. Yale mafuta yanakorogwa, yanapata moto, yanakuwa magumu kama ugali umeiva, visahani vinashikana. Hapo nyuma inaanza kusukuma. Wewe hufinyi kitu. Inajifanyia."

Tangu siku hiyo Ndinda aliujua mwendo wake kwa kiuno: kuteleza kidogo, halafu msukumo, kana kwamba mtu amekuja kukusaidia bila kuitwa. Mvua za mwaka uliotangulia alipandisha wagonjwa kona hii hii, na watu wa bondeni wakamzoea, wakawa wanamwita kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote.

Leo hakuna aliyekuja kusukuma.

Alijaribu tena. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani, gari likateleza kiubavu hadi ukingo wa mtaro, na Kanini akapiga ukelele uliomtoa Ndinda kwenye kiti. Alishuka, akalala kifudifudi topeni, akachungulia. Pale palipokuwa na chuma palikuwa na uwazi. Aliona upande wa pili, miguu mitupu ya watu waliokuwa wakija mbio kutoka shamba la kahawa.

Alimpigia mumewe huku tope likimtiririka mkononi.

"Kitonga, propela iko wapi?"

"Niliitoa. Ile wakati ulienda mkutano wa akina mama Kitui. Hiyo kitu ilikuwa inakula petroli bure, Ndinda. Na vile kulikuwa na jua, ungeitumia wapi?"

"Na hukuniambia."

"Ilinitoka kwa akili. Kwani umekwama?"

Alikata simu.

Wanaume walishika pembe za godoro, wakampandisha Kanini mlimani kwa mabega, wakiteleza, wakipiga magoti, wakiinuka. Ndinda alifuata nyuma amembebea viatu. Alitamani mtu amtukane. Badala yake mmoja wao aligeuka akamwambia, "Pole, dada. Hii barabara yetu imetuua."

Mtoto alitolewa, wa kiume, mzima wa viungo vyote. Hakulia. Muuguzi alimfunika, akasema, "Mngefika mapema kidogo," bila kumlaumu mtu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi.

Jioni hiyo Ndinda aliikuta propela nyuma ya banda la kuku, imeegemezwa ukutani, kuku wawili wamelala juu yake. Kitonga alitoka nje akasimama mbali kidogo.

"Nyamai atakuja airudishe," alisema. "Lakini hayo maneno yabaki hapa nyumbani. Hatukumuua mtu. Ni mvua."

"Nyamai alijua?"

"Yeye ndiye aliifungua. Aliniambia nikwambie."

Basi walikuwa wawili waliojua, na yeye aliyeshika usukani hakuwa mmoja wao. Alimtazama Kitonga, mtu aliyekuwa akimwamkia na kula naye miaka yote hiyo, akaona kwamba alichokuwa akiogopa mume wake ni maneno ya watu tu.

Mazishini mchungaji alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kitonga aliitikia amina kwa sauti nzito kuliko wote.

Siku chache baadaye Ndinda alikwenda kwa akina Kanini. Aliwakuta uani, wamekaa mkekani, wanapukuchua mbaazi.

"Karibu, mwanangu," alisema Kalunde, akimsogezea kigoda. "Kama si wewe na hiyo gari yako tungezika wawili. Hata kanisani nimekuombea."

Ndinda hakukaa. "Mwaitu, hiyo gari haikuwa nzima."

Akawaeleza. Hakumficha mumewe wala hakumwongezea. Kalunde alijifunika kinywa. Kanini aliendelea kutazama mbaazi.

"Wewe ulikuwa unajua?" aliuliza Kanini mwishowe.

"Ningejua singekupakia. Ningewaita wanaume mapema, tukubebe."

"Lakini yeye alijua."

"Alijua."

Kanini akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Hakulia, hakumfukuza. Kifuani pake, kwenye blauzi, madoa mawili ya maji yalianza kutanuka; maziwa yalikuwa yamefika, hakuna aliyeyaambia.

Ndinda alifungua leso kiunoni, akamnyooshea. Kanini hakuipokea. Alichukua ganda jingine, akalipasua kwa ukucha, na mbaazi zikaanguka karaini, moja, nyingine, huku mkono wa Ndinda ukiwa bado hewani.