Uzito wa Mfuko Mtupu

Kwa miaka mitatu Msaidizi alilima nyasi kwa bidii ile ile ambayo wenzake wote duniani huitumia kuzing'oa. Cheo chake kwenye mkataba kilikuwa mtafiti msaidizi, lakini pale kwenye kituo cha utafiti neno la kwanza lilichakaa mapema likaanguka, akabaki Msaidizi kwa kila mtu, kuanzia mkuu wa idara hadi mama wa chai. Nyumbani walimsomesha miaka kumi na sita ili aepukane na jembe. Sasa alikuwa na majembe matatu, yote yameandikwa namba za ofisi.

Kazi yenyewe ilikuwa na jina zito, tungamotaka, yaani mimea inayolimwa ili ichomwe kwenye matanuri ya viwanda badala ya miti. Mama yake alilifanyia mazoezi neno hilo wiki nzima kabla ya kwenda nalo kwenye kikao cha ndugu. Alipolitamka, shangazi mtu akauliza maana yake, mama akajibu ni nyasi za kuchoma, na shangazi akasema anazozijua yeye huungua zenyewe wala hazijawahi kudai shahada.

Msaidizi hakukasirika. Kila asubuhi akienda kazini aliviona vilima vya nyuma ya mji, vimenyolewa miti mpaka utosini, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba nyasi ndefu, inayokatwa kila mwaka na kuchipua yenyewe bila kupandwa upya, ingeviacha vilima vile viote nywele tena. Hilo hakumwambia mtu. Kituoni watu walizungumza kwa gramu.

Aina kumi na mbili za nyasi zilipandwa kwenye vitalu vinne. Mwisho wa msimu wa tatu zikakatwa, sampuli zikatiwa kwenye mifuko ya karatasi, mifuko ikaingizwa kwenye oveni ya kukaushia mpaka uzito ukagoma kushuka, kisha ikapimwa. Katika kazi hii urefu si hoja. Nyasi inaweza kukupita kimo na ndani ikawa maji matupu. Kinachohesabika ni kile kinachobaki maji yakishaondoka. Na kilichobaki kilikuwa wazi. Namba tisa ilitoa wastani wa gramu mia tatu kumi na nane kwa sampuli, na namba nne, iliyoifuata, mia mbili tisini na nne. Mkuu wa idara akayatia saini matokeo. Alhamisi kamati ingekutana na kuipitisha namba tisa, wakulima mia mbili wa vilimani wangegawiwa miche yake, na Msaidizi, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, angepewa ajira ya kudumu. Mama yake alishawatangazia ndugu. Neno "kudumu" halikuhitaji mazoezi.

Jumatano asubuhi alikuwa maabara akiandaa maonyesho. Akamimina sampuli moja ya namba tisa kwenye chupa ya kioo ili wajumbe waione vizuri, na mfuko mtupu akautua mahali palipokuwa karibu, ambapo palikuwa juu ya mizani. Mizani ilikuwa imewashwa. Ikasoma arobaini na saba.

Msaidizi akautazama mfuko. Mfuko mtupu una gramu kumi na mbili. Alikuwa ametoa kumi na mbili kwenye kila sampuli ya msimu mzima. Namba hiyo aliijua kama umri wake. Akauinua, akaurudisha. Arobaini na saba. Akauchambua ukingoni na kukuta karatasi ya tabaka tatu. Hapo akakumbuka. Namba tisa huchelewa kukomaa, kwa hiyo ilivunwa mwisho, na siku hiyo mifuko ya kawaida iliishia njiani. Mtunza stoo akampa mingine, akamwambia ashukuru, hii ni imara zaidi.

Akafanya hesabu kichwani, na hesabu haikumwonea huruma. Ukitoa gramu thelathini na tano za ziada, namba tisa ilishuka hadi mia mbili themanini na tatu, chini ya namba nne. Alikuwa amebakiza siku moja awagawie wakulima mia mbili ushindi wa karatasi.

Fundi wa maabara alikuwa pembeni akisafisha kinu cha kusagia mabua. Alikuwa mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu, na hakupenda kumwona mtu amekosa raha saa za kazi. Aliposimuliwa aliacha kinu. Akaja, akautoa mfuko juu ya mizani, akaukunja mara nne, akautia kwenye pipa la taka.

"Mwanangu, mfuko ni takataka," alisema. "Nani amewahi kuomba aonyeshwe takataka?"

"Wakulima watapanda nyasi isiyofaa, Mzee."

Fundi akamwambia nyasi ni nyasi, itaota. Kesho avae vizuri, aseme kwa sauti, arudi na barua yake. Akishakuwa wa kudumu atasahihisha taratibu, mdogo mdogo, bila kumshtua mtu. Aliyasema kwa wema kabisa, na wema huo ndio uliomtesa Msaidizi. Akaenda chooni akalia dakika sita, akanawa uso, akarudi akauokota mfuko kwenye pipa, akaunyoosha na kwenda nao kwa mkuu wa idara.

Mkuu alikuwa mwanamke wa makamo aliyepewa jina la Mama Mizani, kwa sababu hata akiulizwa habari za asubuhi alifikiri kwanza. Ofisini kwake palikuwa na viti viwili, kimoja chake na kingine cha mafaili. Msaidizi akasimama na kusema yote kwa mkupuo: tabaka tatu, stoo, thelathini na tano, kwamba kosa ni lake peke yake, kwamba anajua saini iliyopo ni ya Mama na anaomba radhi, na kwamba yuko tayari kuandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa amejiandaa kwa ghadhabu. Alikuwa amejiandaa hata kwa msamaha.

"Umepima mifuko mingapi?" Mama Mizani akauliza.

"Mmoja, Mama."

"Kati ya mingapi?"

"Kumi na miwili."

Mama Mizani akavua miwani. "Kwa hiyo jana ulikuwa na uhakika bila kupima, na leo una uhakika kwa mfuko mmoja."

Akavaa koti lake la maabara, wakashuka pamoja. Walimimina sampuli za namba tisa kwenye mabeseni na kupima mifuko mmoja mmoja, Fundi akiandika, uso wake ukiwa wa mtu asiyelifahamu pipa la taka lolote. Wa pili ukasoma kumi na mbili. Wa tatu kumi na mbili. Msaidizi akaanza kupumua. Wa nne ukasoma arobaini na saba, akaacha. Mwishowe ikawa mifuko saba minene na mitano ya kawaida. Mama Mizani hakuridhika. Akaagiza mifuko ya aina nyingine zote imwagwe nayo, mia moja thelathini na miwili, na jua lilipozama hawakuwa wamepata mnene hata mmoja. Namba tisa ikatulia kwenye mia mbili tisini na nane. Gramu nne juu ya namba nne, wakati sampuli za aina moja zilipishana zenyewe kwa zaidi ya ishirini. Hakuna aliyeshinda.

Alhamisi Msaidizi aliieleza kamati hivyo hivyo. Meneja wa kiwanda kilichongoja kuichoma namba tisa, aliyekuwa amekuja kuchukua nyasi yake, akauliza kwa upole kama ni kweli wametumia miaka mitatu ili waje kuambiwa hawajui.

"Tulikuwa hatujui tukidhani tunajua," Msaidizi alisema. "Sasa hatujui, ila tunajua kwa gramu ngapi."

Mwenyekiti akamwonyesha barua ya ajira iliyokuwa tayari mbele yake. Akaeleza kwamba nne ni zaidi ya sifuri, kwamba namba tisa inaongoza bado, na kwamba kinachohitajika ni Msaidizi kusema tu anaipendekeza, watu wakale chakula cha mchana. Mama Mizani alikuwa akitazama meza.

Msaidizi akaitazama barua. Jina lake lilikuwa limeandikwa bila kosa hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale kituoni.

"Siipendekezi, Mwenyekiti," alisema. "Wala namba nne siipendekezi. Naomba msimu mwingine."

Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi la korido dakika arobaini, kisha Mama Mizani akatoka, akafikiri, akasema. Jaribio linarudiwa. Ajira ya kudumu haitolewi kwa jaribio ambalo halijaisha, kwa hiyo barua imechanwa. Kuna mkataba wa miezi minane, akiutaka. Na suala la saini amewaambia ilikuwa ya kwake, na macho yaliyopitia hesabu yalikuwa ya kwake.

Msaidizi akampigia mama yake sokoni, alikouza unga miaka ishirini. Mama akauliza kama amepata.

"Nimepata msimu mmoja, Mama."

Akamweleza kuhusu mifuko, barua iliyochanwa na mkataba wa miezi minane. Upande wa pili zikasikika kelele za wapita njia.

"Ulipima na chombo?" mama akauliza hatimaye, kwa sauti ya chini, ili wateja wasisikie.

"Nilitoa uzito wake, ila niliukosea."

"Na ukawaambia mwenyewe?"

"Niliwaambia."

Mama akamwomba asubiri, akamhudumia mteja mmoja mpaka mwisho, akarudi.

"Utie saini," alisema. "Shangazi yako nitamwambia ni sare, kuna mechi ya marudiano."