Zamu ya Alhamisi

Ratiba zilikuwa mbili tu. Maalim aliziandika ubaoni kwa chaki nyeupe, kwa mwandiko wake uliolala kidogo upande wa kulia, kisha akaipigia kila moja mstari chini yake. Ya kwanza ilikuwa Jumatatu na Alhamisi. Ya pili Jumanne na Ijumaa. Saa za masomo ya uhasibu zilikuwa zile zile kwa wote, kuanzia saa kumi na nusu alasiri hadi saa kumi na mbili, kwani baada ya hapo Maalim hakuwa mwalimu wa mtu yeyote. Alikuwa mja anayekwenda kutia udhu ili aiwahi sala ya magharibi.

"Atakayeandika jina lake katika ratiba moja," alisema, "hiyo ndiyo yake mpaka siku ya mtihani. Kila darasa lina viti kumi na viwili. Atakayekosa vipindi viwili, naye si mgonjwa, kiti chake nampa mwingine. Fomu nizipate Jumatatu, tarehe mosi Julai. Jumanne sipokei."

Aliyasema hayo bila ya kupandisha sauti, na hakuna aliyedhani kuwa anatania. Maalim alikuwa mtu wa Tanga, aliyeshika vitabu vya hesabu vya shamba la mkonge kwa miaka ishirini na minane kabla ya kuja Arusha, na ilisemwa kuwa katika muda wote huo hakupata kufuta neno hata moja.

Elisaria aliikunja fomu yake mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati. Alikuwa Mmeru wa miaka ishirini na sita, karani wa mizani katika ghala la chama cha wakulima wa kahawa mjini, na alipanga chumba kimoja Themi. Mwaka huo, wa 1957, karani mkuu wa chama, Bwana Aristides, alikuwa amemwita pembeni na kumweleza jambo waziwazi, kama ilivyo desturi yake.

"Msaidizi wa mhasibu anastaafu mwakani," alisema. "Halmashauri imeniuliza, je, tunaye mtu wetu? Nimewajibu kuwa ninaye, ila hajafaulu mtihani wa hatua ya kwanza. Basi usinifanye mwongo, bwana mdogo. Ukikosa wewe, ataletwa mtu kutoka Moshi, nasi tutampokea kwa chai."

"Mtu wa Moshi si ndugu yako, Bwana Aristides?"

"Ndiyo maana simtaki. Nawajua."

Kwa hiyo darasa halikuwa jambo la hiari. Lililobaki lilikuwa kuchagua siku, na hapo ndipo Elisaria alipokwama. Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za kupokea kahawa. Magari ya vyama vya vijijini yalipanga mstari tangu asubuhi, na karani wa mizani hakuondoka mpaka gunia la mwisho lipimwe na mlango ufungwe, iwe saa kumi au saa moja. Ratiba ya pili, basi, ilikuwa imejifuta yenyewe.

Ama Alhamisi, hiyo ilikuwa siku ya maji.

Mama yake, Hanna, aliishi juu ya barabara ya Kikatiti, kwenye shamba la migomba na kahawa lenye kipande cha maharage upande wa chini. Maji yalikuja kwa mfereji unaoteremka kutoka mlimani, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu ya nyumba yao ilikuwa Alhamisi saa kumi, jua likiwa limepoa na maji yamejaa. Marehemu baba yake aliishika kwa miaka kumi na tisa. Kwa kanuni ya mfereji ule, siku ya zamu ilipasa mwanamume wa nyumba asimame kwenye banio, pale mfereji mdogo unapochepuka kutoka ule mkubwa, na jembe lake mkononi. Asipokuwapo, maji hupita kwenda kwa jirani. Baba alifariki mwezi wa Septemba, na katika kiangazi cha Januari na Februari Elisaria alitoka kazini kila Alhamisi saa sita mchana, akapanda basi, akazirudisha saa hizo kazini Jumamosi alasiri. Bwana Aristides alimruhusu. Maalim asingemruhusu.

Aliwaza siku tatu. Siku ya nne akafanya kile ambacho karani yeyote angekifanya: akaandika barua.

Ilikuwa barua nzuri. Alimwandikia Mzee Ephraimu, mkuu wa mfereji, akaanza kwa salamu na kumshukuru Mungu kwa uzima, kisha akaeleza kwa vifungu vitatu kwamba kwa sababu ya masomo hataweza kuishika zamu ya Alhamisi, kwamba anaomba apangiwe siku nyingine, na kwamba siku ya kuzibua mfereji, Jumamosi ya mwisho ya Juni, ataleta kibarua afanye kazi badala yake. Akaipiga kwa mashine ya ofisi, akatia sahihi, akaweka nakala moja katika jalada. Barua akampa utingo wa basi la Moshi. Hakujibiwa, naye akauhesabu ukimya ule kuwa ni ridhaa, kwani ofisini kwao barua isiyopingwa ndani ya siku kumi na nne huhesabiwa imekubaliwa.

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane, foleni ya magari ikiwa ndefu, Gidion aliingia ghalani na magunia ya chama cha kijijini. Gidion alikuwa jirani yao wa upande wa chini, mtu wa vicheko, mwenye mkono mzito wa kupigia watu mabega.

"Karani! Ahsante sana kwa Alhamisi, ndugu yangu."

Elisaria aliinua macho kutoka kwenye mizani. "Alhamisi ipi?"

"Alhamisi yenu. Wazee wamenipa mimi. Wamesema umehama."

"Nani amehama?"

"Wewe! Si uliandika mwenyewe? Mzee Ephraimu ameisoma mbele ya watu wote, mara mbili. Kiswahili safi kabisa, tulikisikiliza kama mahubiri." Gidion akamtazama usoni, kicheko kikampungua. "Hukuhama?"

"Sikuhama, Gidion. Niliomba nibadilishiwe siku."

"Basi kesho njoo na jembe," alisema Gidion taratibu. "Ukija na kibarua, usije."

Jioni ile Elisaria alimweleza Bwana Aristides, naye akavua miwani, akaifuta kwa leso, akairudisha.

"Uliwaandikia barua wazee wa mfereji? Kwa mashine?"

"Ndiyo, bwana."

"Na nakala umeweka?"

"Nimeweka."

"Lo! Kwetu Kilimanjaro wangekutoza mbuzi. Nenda. Saa zako za kesho utanilipa Jumapili baada ya ibada."

Alfajiri ya Jumamosi basi lilimshusha Kikatiti, akapanda mlima kwa miguu. Wingu la Julai lilikuwa limetangulia kufika na kuukalia mlima wote wa Meru, na nyasi za kando ya njia zilimlowesha hadi magotini. Mama yake alimpokea mlangoni. Aliitikia shikamoo yake, kisha hakumkaribisha kuketi.

"Ephraimu umemwandikia," alisema Hanna. "Mimi uliniandikia nini?"

"Mama, nilidhani nikishajibiwa ndipo nitakueleza."

"Nimeketi kanisani nikasikia kwa wake za watu kwamba mwanangu amehama. Nikasema, kama amehama, basi amesahau koti lake la baridi, liko kwangu." Akaingia ndani, akatoka na jembe la marehemu. Mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa. "Chukua. Wamekwisha kuanza."

Watu wapatao arobaini walikuwa wamejipanga mferejini, kila mmoja na kipande chake, wakitoa matope na mawe yaliyoletwa na masika. Elisaria aliwaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, akateremka ndani ya maji, akaanza kuchimba. Hapakuwa na aliyemzuia, wala aliyemkaribisha. Dhihaka zilimfikia kutoka juu na kutoka chini.

"Karani, hilo jembe halina wino!"

"Mwacheni, anasubiri mhuri."

"Tope hilo, mwanangu, usilihifadhi nakala. Litupe tu!"

Alicheka nao, akaendelea. Kufikia saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge; kufikia saa sita yalikuwa yamepasuka. Mkono uliozoea kushika kalamu miaka minane hupoteza ngozi yake ngumu, na yeye hakuwa amelitambua hilo mpaka siku ile. Alikimaliza kipande cha nyumba yao, akakwangua na kingo zake.

Baada ya kazi wazee waliketi juu ya ukingo. Mzee Ephraimu, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, alimwashiria akaribie.

"Barua yako tuliipata," alisema. "Imeandikwa vizuri, sijaona kosa. Lakini katika mfereji huu, Elisaria, wanaoandika barua ni wawili tu: serikali, na mtu aliyehama. Nasi tulijua wewe si serikali."

Watu wakacheka. Elisaria aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mzee. Ilipasa nije mwenyewe."

"Umekuja. Sasa sema kwa mdomo unachotaka. Alhamisi ya baba yako, Gidion yuko tayari kuirudisha. Amesema hivyo mbele yetu asubuhi. Ukiitaka ni yako. Kama huitaki, zamu zote zimekwisha kugawiwa, imebaki moja tu: Jumamosi saa tisa, ya yule mzee aliyehamia Elerai kwa mwanawe. Unaijua saa hiyo. Jua kali, na watu wa juu wanamwagilia. Maji hufika nusu."

Siku ya Alhamisi ilikuwa mbele yake, nzima, pamoja na maji yake mengi na jina la baba yake. Akiipokea, kiti cha Maalim kitakaliwa na mwingine, na meza ya msaidizi wa mhasibu itakaliwa na mtu wa Moshi. Alipogeuka alimwona mama yake amesimama nyuma ya wanaume, mikono ameifunga ndani ya kanga.

"Mama, shamba ni lako kabla ya kuwa langu."

Hanna hakuharakisha. Alitazama upande wa chini, kana kwamba anaupima kwa macho.

"Kahawa itatosheka," alisema. "Maharage nitapanda nusu ya kipande. Ile nusu nyingine itangoja masika." Kisha akaongeza kwa ukali, "Lakini uje. Nusu ya maji bila ya mtu si nusu, ni bure."

"Naichukua Jumamosi, mzee," alisema Elisaria.

"Vyema. Na usikilize: ukikosa mara mbili, wala huumwi, zamu nampa mwingine."

Elisaria nusura acheke, lakini aliyeketi mbele yake hakuwa akitania, sawasawa na yule wa Tanga.

Jumatatu, tarehe mosi Julai, alifika darasani kwa Maalim kabla ya saa kumi na nusu. Fomu ilikuwa imekunjika na kupata doa la tope pembeni. Aliijaza palepale, ameishika kalamu kwa ncha za vidole, na jina lake likatoka limepinda mfano wa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza.

Maalim aliitazama fomu, kisha akaitazama mikono.

"Hii ni kazi ya kalamu gani?"

"Nilikuwa nikizibua mfereji, Maalim. Nyumbani."

"Hm. Na hii Alhamisi uliyoiandika hapa, una hakika nayo? Wengi wananiandikia siku wasizokuwa nazo."

"Nina hakika. Nimeilipia."

Maalim hakuuliza ameilipia nini wala kwa nani. Aliandika jina la Elisaria katika daftari, kwenye mstari wa saba, akakausha wino kwa karatasi, akamwonyesha kiti cha karibu na dirisha.

"Bismillahi," alisema, na akaanza somo.